Upande wa Moja

Bi Pindo hakuhitaji futi kutafuta katikati ya kitu. Ukimletea kitambaa, alikitandaza mezani, akakikodolea macho kama anayemtazama mtoto aliyemdanganya, kisha akaweka alama moja ya chaki. Ukikikunja, alama ilikuwa pale pale kwenye mkunjo. Wateja wapya hawakuamini. Baadhi yao walikwenda kupima nyumbani kwa siri, na waliporudi walikuwa wapole. Jina lenyewe alilipata kwa mapindo ya magauni yake, ambayo hayakuwahi kupanda upande huu na kushuka upande ule, na lilimkaa mpaka mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu, akipiga simu dukani alikuwa anauliza, "Bi Pindo yupo?" kana kwamba naye anataka kushonewa.

Kwake yeye, nambari zilikuwa mahali. Tangu utotoni, alipofumba macho aliziona zimenyooka kama futi ya kupimia nguo: moja iko huku kushoto, karibu na kiwiko, na sitini iko kule kulia, karibu na ukuta. Mtu akisema thelathini na nane, Bi Pindo aliiona ilipokaa pamoja na majirani zake. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, maana alidhani watu wote wako hivyo. Nani anayetembea akiwaambia watu kwamba ana magoti?

Vitu navyo vilikuwa na pande zao. Kulia mwa cherehani, kwenye kamba, zilining'inia nguo zilizokamilika, zinazosubiri kusifiwa. Kushoto, chini, palikuwa na kapu la vipande, pamoja na zipu zilizokufa, mishono iliyoharibika na nguo za kutia viraka. Mteja anayempendeza alikaribishwa kiti cha kulia, na msumbufu alijikuta kushoto. Bi Pindo hakukaa chini akaamua iwe hivyo. Mkono wake ndio ulioamua, ukazoea, na yeye akaufuata.

Mkwewe alikaa kushoto.

Mkwe huyo, mke wa mwanawe, alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha pili, wakitenganishwa na ukuta mmoja na kuunganishwa na varanda moja ya saruji. Alifanya kila kitu kwa mkono wa kushoto: kuandika, kuchana, kukata uzi kwa mkasi. Siku alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, miaka tisa nyuma, alipokea kikombe cha chai kwa mkono huo huo, na Bi Pindo akashusha pumzi ambayo ilisikika mpaka jikoni. Kwani moyoni alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe binti wa rafiki yake, mpole, mwenye mkono wa kulia. Basi, maji yakishamwagika hayazoleki. Hakumtukana mkwewe wala hakumnyima kitu. Alimwita Mashoto, kwa utani ambao haukuwa utani wote, na saluni ikiwa haina watu, binti akaja kupumzika dukani, alimsogezea kiti karibu na kapu la vipande. Mkwe akasema asante, akakaa. Akawa anakaa hapo hapo siku zote.

Kilichompata Bi Pindo kilimpata Jumanne moja, saa nne za asubuhi, jua limeshapanda na mtaa una kelele zake za kawaida. Sehemu kubwa ya habari hii alisimuliwa baadaye. Cherehani yake ya umeme ilikuwa na pumzi zake: ilikwenda, ikasimama, ikakohoa, ikaenda tena. Mkwe alikuwa saluni, katikati ya kichwa cha mteja, akiisikia bila kuisikiliza, kama mtu anavyosikia saa ya ukutani. Ghafla akagundua kwamba cherehani inakwenda bila kusimama. Akahesabu mpaka tano. Haikusimama. Akaacha kitana kwenye nywele za watu, akakimbia.

Alimkuta mama mkwe amelalia meza, mguu wa kulia umekandamiza kanyagio, sindano inatoboa pale pale, kitambaa kimeliwa mpaka kikawa fundo. Mdomo ulikuwa umevutwa upande.

"Mama! Mama, niangalie!"

"Nani amezima taa upande ule?" Bi Pindo aliuliza. Hilo analikumbuka mwenyewe.

Mkwe alimwinua, akamtupia begani, akatoka naye. Yule mteja wa saluni alikuwa na gari, na hakuuliza maswali. Aliwaendesha mpaka hospitali nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima kama manyoya ya jogoo, akipiga honi njia nzima. Daktari alisema ni kiharusi, kisha akasema neno ambalo Bi Pindo amelishukuru kila siku tangu hapo: "Mmewahi."

Uhai aliupata. Maneno yake yalirudi ndani ya siku mbili, makali kama zamani. Mguu na mkono wa kushoto vilikuwa vizito, lakini wauguzi walisema vitaamka. Yeye mwenyewe alijiona mzima kabisa, ila tu watu wa hospitali ile walikuwa na mambo ya ajabu.

Kwanza, walimpunja chakula. Kila sahani ililetwa ikiwa na wali nusu.

"Mnaniona mtoto?" aliuliza siku ya nne, akisukuma sahani.

Mkono ukatoka asikokujua, ukaizungusha sahani nusu duara. Wali ukawa umejaa upande wa kulia.

"Umeongezwa, Mama," sauti ikasema.

"Sasa mpaka niseme!" akajibu Bi Pindo, akala kwa hasira.

Pili, mkwewe hakuja kumtazama. Hili lilimchoma, ingawa alijiambia kwamba alilitarajia. Jirani yake mmoja alipofika na chupa ya uji, Bi Pindo alimweleza yote. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mteja wake wa miaka mingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua vioo, naye alikaa upande wa kulia wa kitanda.

"Siku ya sita leo, Mwalimu. Ya sita! Mkwe wangu hajatia mguu humu. Mwanangu yuko barabarani, mipaka imemshika, hilo nalielewa. Lakini yule? Ukuta mmoja!"

  Mwalimu alitazama ng'ambo ya kitanda, akamrudia Bi Pindo.

"Bi Pindo, anayekushika mkono ni nani?"

"Mkono upi?"

"Wa kushoto, dada. Geuza kichwa. Zaidi. Zaidi kidogo."

Aligeuza shingo, ikawa kama anavuta kabati zito. Aliona ukingo wa shuka. Akaona vidole vyake mwenyewe, na vidole vya mtu mwingine vimevifumbata. Akafuata mkono ule mpaka bega, mpaka uso. Mkwewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, macho mekundu, tabasamu limechoka.

"Umefika saa ngapi?" Bi Pindo aliuliza.

"Jumanne, Mama," mkwe akasema.

Ni mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyekuwa amemwambia akae upande huo. Alikuwa bwana mnene mwenye kasauti kadogo, na alipendwa wodi nzima kwa sababu hakumharakisha mtu. "Usikae anakokuona," alimwagiza mkwe. "Kaa asikokuona, umwite kutoka huko. Mwache akutafute." Kwa hiyo siku sita mkwe alikaa gizani pa mtu mwingine, akisikia anavyosengenywa, akijibu "niko hapa, Mama," na Bi Pindo akidhani ni muuguzi.

Bwana huyo alikuja na karatasi yenye mstari mmoja mrefu. "Niwekee alama katikati," alisema.

Bi Pindo nusura acheke. "Hivi umeambiwa mimi ni nani?"

"Nimeambiwa. Ndiyo maana natetemeka."

Akachukua kalamu, akaweka alama. Mtaalamu akaikunja karatasi. Alama ilikuwa vidole vinne kulia mwa mkunjo.

"Karatasi yako imepinda," Bi Pindo akasema.

"Inawezekana. Tuache karatasi. Nijibu kwa kichwa tu, usipige hesabu, sema kinachokujia. Kati ya mbili na sita, katikati ni ngapi?"

"Tano."

"Kati ya kumi na moja na kumi na tisa?"

"Kumi na saba."

Upande wa kushoto mtu alivuta pumzi.

"Sasa piga hesabu," akasema yule bwana taratibu. "Kumi na tisa, toa kumi na moja?"

"Nane."

"Nusu ya nane?"

"Nne. Mwanangu, mimi nimeshona miaka arobaini."

"Kumi na moja, ongeza nne?"

Bi Pindo alifungua mdomo kusema kumi na tano, akaufunga. Alifumba macho kuitazama futi yake ya kichwani. Kumi na saba ilikuwa imekaa katikati, imetulia kama mwenye nyumba. Na aliposogea kushoto kuitafuta kumi na tano, kuitafuta kumi na moja, futi iliingia kwenye ukungu. Ile sehemu haikuwa imekatwa. Ilikuwa kama haijawahi kuwepo.

Hapo ndipo alipoogopa. Mguu kuwa mzito hakukumtisha, mguu ni mguu. Alilia kwa sauti, na mtaalamu akamwacha alie.

"Macho yako mazima," alimwambia baadaye. "Ni ubongo ulioacha kujali upande mmoja. Na wengi wetu kichwani tunazipanga nambari kama kwenye mstari, ndogo huku, kubwa kule. Upande ukizimika, wakati mwingine na nambari za upande huo hufifia. Hukurukwa na akili, Mama. Kuna sehemu tu tutaifundisha kukumbuka kwamba ipo."

Alirudi nyumbani baada ya wiki tano. Alitembea kwa fimbo, na mkono wa kushoto uliweza kushikilia kitambaa japo haukuweza kukivuta. Mwanawe alifika, akakaa wiki mbili, akamkumbatia mpaka mbavu zikalia, kisha barabara ikamwita tena. Mkwe alimwomba Bi Pindo asishone bado. Lakini fundi akae bila kazi mpaka lini? Kulikuwa na koti la Mwalimu, aliloahidi kabla ya ugonjwa, la kijivu, la kuvaa siku ya kikao cha wazazi. Mkwe akiwa na wateja, Bi Pindo alijifungia dukani. Alikata, akashona siku tatu, akapiga pasi, akalitundika kwenye kamba. Alilitazama, akaona ni koti zuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Mwalimu akaja kulichukua. Alilipokea, akaligeuza mara mbili mikononi, uso ukabadilika kidogo, kisha akalivaa. Akasimama mbele ya fundi wake.

"Limekukaa!" akasema Bi Pindo kwa furaha. "Ona mkono ulivyodondoka!"

 Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Kisha Mwalimu, polepole, kama anayeonyesha mgongo wa nguo, akageuka.

Na pale aliposimama, mkono wa kulia wa Mwalimu, ambao awali ulikuwa upande wa ukungu, ukaja upande wa mwanga. Ulikuwa mtupu. Mkono wa mtu mzima, wenye bangili na alama ya chanjo, unatoka kwenye tundu la koti lisilo na hata uzi wa kumalizia.

"Mkono wa koti uko wapi?" Bi Pindo aliuliza.

"Hukuuweka, dada."

"Ulikuwepo sasa hivi!"

"Nimegeuka tu. Mikono yangu ni ile ile miwili."

Bi Pindo alikaa. Aliitazama kamba, meza, mikono yake. Siku zote alikuwa ameambiwa kuhusu upande wa kushoto, akakubali kwa heshima, kama mtu anavyokubali habari za nchi ya mbali. Sasa aliujua kwa ukweli. Ilikuwepo nusu ya dunia, na alikuwa ameishi wiki saba bila kuikosa.

"Usilie," Mwalimu akasema. "Kwanza nitalivaa hivi hivi. Nikiandika ubaoni nisijichafue chaki."

Lilikuwa jambo la kuchekesha kwa namna mbaya, na walicheka wote watatu, Bi Pindo akicheka na machozi yakishuka. Walipotulia, Mwalimu akavua lile koti, akalikunja kwa adabu.

"Hiyo chaki yenyewe," alisema, "ndiyo ninayofundishia. Watoto wangu wakija darasani nambari zimewatawanyika kama kuku. Siwaanzi na daftari. Nawachorea mstari sakafuni, moja mpaka ishirini, wanautembea. Hesabu yangu huanza miguuni. Sasa nyie mna varanda ndefu hivi, mnaifanyia nini?"

Kesho yake mkwe alipiga magoti varandani akachora visanduku ishirini kwa mkono wake wa kushoto. Moja ilikuwa mwisho kabisa wa kushoto, na kwenye nguzo iliyo kando yake alifunga kitambaa chekundu. Masharti yalikuwa machache. Bi Pindo asimame katikati, auangalie ukuta. Kabla ya kufanya lolote, ageuze kichwa mpaka akione kitambaa chekundu. Halafu atembee kiubavu mpaka akanyage moja. Ndipo mkwe alipomtajia nambari mbili, naye akatafuta katikati yake kwa miguu.

"Tatu na tisa, Mama!"

Bi Pindo akaenda akasimama juu ya saba.

"Kitambaa kwanza!" walipiga kelele wanawake wa saluni kutoka chini ya mashine za kukaushia nywele. "Kushoto, Mama! Kushoto zaidi!"

"Nyie sukweni mnyamaze!" alijibu, lakini aligeuza kichwa, akaona wekundu, akarudi mpaka tatu, akahesabu kwa fimbo, akasimama juu ya sita. Saluni ikapiga makofi. Yule mteja mwenye gari, ambaye kichwa chake kilikuwa kimemaliziwa zamani, alikuja makusudi kutazama, akawa ndiye mpiga kelele mkuu.

Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Kulikuwa na siku alizotupa fimbo. Kulikuwa na siku alipochana nywele upande wa kulia tu, akatoka nje ameridhika, na mkwe akamkalisha bila maneno, akamgawa nywele kwa njia moja iliyonyooka kutoka paji la uso mpaka kisogo, akasuka pande zote mbili sawa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Bi Pindo alishangaa kwamba hakuwahi kujua.

Mwezi wa tatu wa mazoezi, mvua kubwa ilinyesha alfajiri, ikipigwa na upepo kutoka upande wa nguzo. Asubuhi Bi Pindo alitoka na fimbo yake kama kawaida, akasimama katikati, akautazama ukuta. Akageuza kichwa. Akakunja uso.

"Nani amefuta moja mpaka nne?" aliuliza.

Ndani ya saluni kitu kilianguka. Mkwe alitokea mlangoni, mikono imejaa povu.

"Umesema nini, Mama?"

"Nasema nambari za huku zimefutika. Moja, mbili, tatu, nne. Hazipo. Unachora nusu nusu, mimi nitaanzia wapi?"

 Mkwe alikwenda pale penye saruji tupu, iliyolowa, akakaa juu yake na povu lake, akalia kama mtoto. Bi Pindo ilimchukua muda kuelewa. Kisha akaelewa: alikuwa ameona kitu hakipo, na hakipo kushoto. Fimbo ikamtoka mkononi.

Siku hiyo hawakufanya mazoezi. Walikaa dukani wakinywa chai, Bi Pindo nyuma ya cherehani, mkwe kwenye kiti chake kando ya kapu. Bi Pindo aligeuza kichwa kumtazama. Bado ilikuwa kazi, lakini aliifanya.

"Hukuchoka?" aliuliza. "Miezi yote hii, kukaa mahali usipoonekana?"

"Huu ndio upande wangu, Mama."

"Kivipi?"

Mkwe alicheka kwa aibu kidogo. "Sijui kama kila mashoto yuko hivi. Lakini mimi, kitu kizuri kwangu kiko huku. Nenda saluni utazame: mafuta mazuri yote nimeyapanga kushoto, yale ya kubabaisha yako kulia. Mteja nikimpenda namweka kiti cha kushoto. Siku ile ya kwanza uliponisogezea kiti hiki, niliporudi chumbani nilimpigia mama yangu simu. Nikamwambia, mama mkwe wangu hasemi sana, lakini amenielewa. Amenipa upande wangu bila hata kuniuliza."

Chai ya Bi Pindo ilipoa mkononi. Angeweza kunyamaza, jambo likaishia hapo, zuri kama lilivyo. Lakini alikuwa amelishwa na mkono ule, amebebwa na bega lile.

"Mwanangu," alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu. "Mimi nilikuweka kwenye kapu la vipande."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua mwaka wa pili. Yule mama mkorofi wa mapazia alipokuja, naye ukamweka hapa hapa." Alikunywa chai kidogo. "Siku hiyo nililia. Mume wangu, huyo mwanao, hakuwepo, nikalia peke yangu."

"Mbona hukuhama?"

Mkwe alifikiri. "Nilikuwa nimekaa hapa mwaka mzima kwa furaha, Mama. Furaha ile ilikuwa yangu tayari. Ningeirudishaje, eti kwa sababu wewe hukuituma?"

 Bi Pindo alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzito, ukaenda ukiyumba juu ya ukingo wa kapu, na mkwe akaudaka njiani.

Hakupona kikamilifu. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia wazi kwamba huenda asipone kikamilifu, na akaongeza kwamba amewaona wengi walioishia njiani kabla ya kufika alipofika yeye. Akichoka, futi ya kichwani bado huteleza kwenda kulia, na tano hujifanya katikati ya mbili na sita. Kwa hiyo hashoni akichoka. Amebandika uzi mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa meza yake, na hakati kitambaa kabla ya kuugusa. Katikati ya kila kitu sasa anaitafuta kwa kupima, mbele za wateja, bila haya, na akipima mara mbili anapima mara ya tatu. Mwalimu alipata koti lake la kijivu, mikono miwili. Yule mwenye gari alishonewa sketi ambayo hakuiagiza. Mtaalamu alipelekewa shati, na ikabidi litanuliwe kiunoni, kwa sababu mkwe alikuwa amekadiria mwili wake kwa upole mno.

Mchana mmoja saluni haikuwa na mtu. Mkwe aliingia dukani, akaenda kukaa.

"Usikae," Bi Pindo akasema. "Simama hapo kwenye mwanga. Nipe mgongo."

"Kuna nini, Mama?"

"Nakupima."

Mkwe alisimama kwenye mwanga. Miaka tisa alikuwa akivaa magauni ya kununua, ukuta mmoja na fundi bora wa mtaa. Hakuwahi kuomba, na hakuwahi kuulizwa.

"Shika daftari, uandike," Bi Pindo alisema. Alisimama nyuma yake, akaitandaza futi mabegani. Mkono wa kulia ulijua kazi yake. Wa kushoto ulishika ncha ya futi kwa shida.

"Mabega. Kumi na nne na nusu."

Kalamu haikusogea. "Umeanzia wapi, Mama?"

Bi Pindo akatulia. Akageuza kichwa kushoto, akaufuata mgongo wa mkwewe polepole, mshono kwa mshono, mpaka akaiona ncha ya futi. Ilikuwa imekaa katikati ya nyama ya bega, mbali na ukingo. Akaisogeza. Mkwe akainua mkono wake, akaishikilia pale kwa kidole kimoja.

"Kumi na sita," Bi Pindo akasema. "Kumbe una mabega mapana hivi?"

"Ya kubebea wakwe."

Bi Pindo alicheka mpaka futi ikamponyoka, ikabidi waanze upya. Mara hii alianzia kushoto.

"Kumi na sita kamili. Andika. Haya, inua mikono nipime kifua, na usivute pumzi ndani, mimi si mpiga picha."